Uzi: Darasa la Kwanza lenye watoto 90, siku nzima ya KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu), kipindi kwa kipindi

#1 chakinadasta

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Kila Januari hoja ni ile ile: darasa la kwanza limefurika, watoto 90, mwalimu mmoja, KKK itafundishwaje? Uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 tunaujua, na hali ilivyo madarasani tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016 tunaijua pia. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya yale masaa machache ambayo mtoto amekaa mbele yako, tuelezane yatumikeje.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge kwa hoja. Kinachoua kusoma kwenye darasa kubwa ni kuitikia kwa pamoja kutwa nzima. Darasa zima linaimba "ba be bi bo bu", mwalimu anaridhika, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akipita dirishani anaridhika, na humo ndani wamo watoto kibao ambao ukiwaonyesha "bo" peke yake wanakutazama usoni. Sauti ya kila mtoto isikike peke yake, mwalimu akiwa karibu, walau mara moja kwa wiki. Ratiba yote ninayoiandika hapa imepangwa ili hilo liwezekane.

Mpangilio kwanza. Watoto 90 kwa madawati ya watatu watatu ni madawati 30. Yagawe makundi matano ya madawati sita sita. Kila kundi lina watoto 18, lina kiranja, na lina siku yake: kundi la kwanza Jumatatu, la tano Ijumaa. Kama madawati hayatoshi, walio kwenye mkeka nao wakae watatu watatu vilevile. Nafasi ziwe za kudumu, ubadilishe kila baada ya wiki nne hivi, na kila utatu uwe na mmoja anayeweza kidogo kuliko wenzake. Usiweke wazito wote nyuma. Wakishajua kwamba ile ni kona ya wasiojua, umewapoteza.

Saa 1:30 hadi 2:00 ni usafi, mstari na mahudhurio. Kuita majina 90 kunakula dakika nane mpaka kumi. Ukiwa na nafasi za kudumu, kila kiranja anataja dawati lenye pengo, wewe unathibitisha kwa macho na kujaza daftari. Dakika mbili zinatosha. Muda huo huo uwe umeshagawa ubao sehemu tatu kwa mistari ya kusimama: kushoto tarehe, somo na idadi, katikati somo jipya, kulia zoezi. Usifute sehemu ya katikati mpaka kipindi kiishe, maana mtoto akikwama lazima awe na pa kuangalia.

Saa 2:00 hadi 2:30, Kusoma. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na mimi nazigawa hivi:

Dakika 3, marudio. Kadi kumi za silabi za siku zilizopita, zimechanganywa. Unaonyesha kadi, unahesabu mpaka tatu kimoyomoyo, ndipo unamtaja mtoto. Ukimtaja kabla ya kuonyesha, 89 waliobaki wanapumzika.

Dakika 7, sauti mpya na silabi zake.

Dakika 8, maneno. Tumia silabi zilizokwisha kufundishwa tu. Kama umefika m, k na t pamoja na irabu zote, tayari una mama, kaka, moto, kuku, mate, keki, kata, tai. Hata sentensi unayo: "Kaka amekata keki." Ukiingiza neno lenye silabi ambayo hawajaisoma, unawafundisha kubahatisha.

Dakika 12, kusikiliza. Hizi ndizo hazitakiwi kuguswa na wimbo wala tangazo. Watoto 18 wa kundi la siku, sekunde 40 kila mmoja, ni dakika 12 kamili. Wewe ndiye unayeinama dawatini kwa mtoto. Wakianza kupanga foleni kuja mezani kwako dakika nne zimekwenda. Kila mtoto anasoma kadi moja yenye silabi tano, maneno matatu na sentensi moja. Akikwama mara tatu mfululizo, unaishia hapo, unamsomea moja, anarudia, unaenda kwa mwingine. Kwenye daftari lako unaandika namba tu: 0 hajui silabi, 1 silabi, 2 maneno, 3 anasoma sentensi na anajibu swali kuihusu.

Wale 72 wengine wana bahasha ya kadi kwenye kila dawati. Mmoja anafunua, wawili wanasoma, wanabadilishana. Bahasha 30 zenye kadi kumi kumi ni kadi 300. Ukikata sentimita 8 kwa 6, manila chache zinatosha. Maboksi ya bure kutoka dukani yanafaa pia, ila andika upande usio na maandishi.

Kuandika na kuhesabu nitaleta baadaye, au anayeviweza zaidi aanze.

#2 MzaziKibaha

Shukrani mwalimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mtoto yuko darasa la kwanza, nyumbani akifungua kitabu anasoma ukurasa wote bila kukosea. Nikimwandikia neno lile lile kwenye karatasi anababaika. Shuleni daftari limejaa vema. Hii ni nini, anasoma au hasomi?

#3 kibaofumbo

Dada MzaziKibaha, amekariri ukurasa. Ni hatua ya kawaida, usimgombeze, lakini usiihesabu kuwa ni kusoma.

Namna ya kubaini haihitaji zana. Funika picha kwa kiganja. Mwambie asome akianzia mstari wa mwisho. Kisha gusa neno moja moja bila mpangilio, la chini kulia, la juu kushoto, la katikati. Anayesoma atapunguza mwendo tu. Aliyekariri ataanza upya kimoyomoyo toka juu mpaka afike ulipogusa, na utaiona midomo ikicheza kabla ya jibu kutoka.

Angalia na kidole chake. Mtoto anayesoma, kidole na sauti vinakwenda pamoja. Akikwama, kidole kinakwama. Aliyekariri, kidole kinateleza kwa mwendo mmoja, na mara nyingi sauti inafika mwisho wa sentensi kidole kikiwa bado kina maneno mawili mbele. Hicho ndicho mwalimu aliye karibu anakiona na akiwa mbele ya ubao hakioni kamwe.

Kipimo cha mwisho ni maneno yasiyo na maana: kemo, tiku, moke. Hayamo kitabuni, hivyo hayakaririki. Mweleze kabisa kwamba ni maneno ya kuchezea, asije akadhani anakosea. Akisoma mawili kati ya hayo matatu, ufunguo anao.

Darasani, aliyekariri anajificha vizuri zaidi kwenye kuitikia. Anamfuata jirani kwa kuchelewa kidogo sana. Simama ubavuni mwa darasa badala ya mbele, uangalie midomo: utaona kundi linaloanza na kundi linalodakia. Andika namba za madawati ya wanaodakia, hao ndio utakaoanza nao.

#4 mkufunzi_mstaafu

Nawapongeza kwa uzi wenye maana. Naongezea kwenye zile dakika saba za sauti mpya, kwa sababu hapo ndipo walimu wapya wanapoharibu.

Herufi ina jina na ina sauti. Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "be" na hii ni "a", ukamwambia aunganishe, yeye anasikia "bea". Ndiyo maana unakuta mtoto anaimba "be-a-ba, be-a-ba, baba" na ukimpa neno jipya hawezi, kwa kuwa "ba" ameipata kwa kukariri wimbo na hakuiunganisha. Majina ya herufi yasubiri. Anza na sauti. Hatua ni hizi:

Tamka maneno matatu yanayoanza na sauti hiyo, kwa mdomo tu, ubao mtupu: meza, moto, maji. Waulize mwanzoni wanasikia nini. Tamka sauti yenyewe, "mmmm", wakiangalia midomo yako. Ndipo uandike herufi. Kisha irabu: shika kadi ya m mkono mmoja na kadi ya a mkono wa pili, zisogeze taratibu ukivuta sauti, "mmmm...a", zikigusana unatamka "ma". Watoto watatu wafanye hivyo mbele, halafu dawati kwa dawati.

Ni vizuri kuanza na sauti zinazovutika, kama m, s, l, n, f. Sauti kama b, d, t, k hazivutiki. Mwalimu akijaribu kuzivuta anaongeza irabu bila kujijua na mtoto anarudi kwenye "be". Hizo zitamke kwa kukata, fupi, uingie kwenye irabu moja kwa moja.

Msikimbilie kuimba ma-me-mi-mo-mu kwa mpangilio. Mpangilio huo ukidumu wiki mbili, mtoto hawezi kusoma "mo" bila kuanzia "ma". Changanya tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna m inayosimama peke yake. Mti, mtu, mto, mbwa. Watoto wengi wanasoma "muti", kwa kuwa umewazoesha kwamba kila konsonanti ina irabu yake. Hapa tumieni makofi. M-ti, makofi mawili. M-bwa, mawili. Lakini mbu-zi, mawili pia, na hapo mb imekaa pamoja kama ilivyo kwenye e-mbe. Wasikie kwa makofi kabla ya kuona kwa macho, vinginevyo mtafundisha kanuni ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kuishika.

Silabi kama nga na ng'a zisifundishwe wiki moja. Ngamia na ng'ombe zipishane kwa muda wa kutosha, la sivyo zote zinakuwa kitu kimoja na kile kikato cha juu kinakuwa pambo.

#5 PwaniTicha

Hamjambo walimu, natokea Kilifi, Kenya. Gredi ya kwanza kwetu kipindi pia ni dakika thelathini, kwa hivyo mgao wa #1 unatufaa bila kubadilisha. Kile tunachokitegemea kwa kila hatua ni mimi, sisi, nyinyi: mwalimu anafanya peke yake wakitazama, mnafanya pamoja, kisha wanafanya wenyewe mwalimu akinyamaza. Kosa ni kukwama kwenye "sisi". Mwalimu anaendelea kusoma pamoja nao kwa sababu inapendeza kusikiliza. Kwenye "nyinyi" funga mdomo kabisa, hata kama kimya kinakusumbua.

Tatizo letu kubwa, na nadhani shule zenu zinazofundisha Kiingereza mapema zinalo, ni irabu. Mtoto anajifunza Kiingereza na Kiswahili siku moja. Jina la herufi e kwa Kiingereza linasikika kama i yetu, na jina la a linasikika kama "ei". Matokeo yake unamtamkia "embe" anaandika "imbi". Huyu si mzembe, anaandika anachokisikia kwa ufunguo wa lugha nyingine.

Dawa: kadi za Kiswahili ziwe za rangi moja, za Kiingereza rangi nyingine, na kabla ya kuonyesha useme "kwa Kiswahili inasemaje?" Irabu za Kiswahili ziimarike kwanza, wiki tatu au nne, ndipo majina ya Kiingereza yaingie. Na vipindi viwili vya lugha visifuatane. Weka hesabu au mchezo katikati.

Kwa wanaoingia hawana Kiswahili kabisa nyumbani, msiwakimbize kwenye herufi. Kila asubuhi dakika kumi za picha: nini hiki, nani huyu, anafanya nini. Mtoto hawezi kugundua amesoma "kata" sawasawa kama neno lenyewe hajawahi kulisikia.

#6 chakinadasta

PwaniTicha, hilo la irabu limenifaa sana, rangi za kadi naziingiza.

Sasa kuandika, saa 2:30 hadi 3:00. Nakitenga na kusoma, lakini herufi ni ile ile iliyosomwa asubuhi hiyo. Mkono unakaza alichokiona mdomo.

Daftari lisifunguliwe mpaka herufi imepita hatua tatu: hewani kwa mkono mzima, juu ya dawati kwa kidole, halafu kiganjani mwa jirani naye akisema ni herufi gani. Dakika tano. Ukiandika hewani ukiwa umewatazama watoto, wao wanaiona kinyume. Wape mgongo, au uandike kwa kugeuza.

Ufundishaji wa mwandiko ufuate jinsi mkono unavyokwenda, usifuate a, b, ch. Zipo zinazoanza kwa kuzunguka kushoto: a, d, g, o. Zipo za kushuka tu: i, l, t, u, j. Zipo za kushuka, kupanda na kupinda: n, m, r, h, b, p. Na zenye kona: v, w, z, k, y. Ukifundisha kundi moja kwa wiki mbili, mtoto anajifunza mwendo mmoja akapata herufi nne hadi sita.

b na d. Hizi ziko makundi mawili tofauti, na hiyo ndiyo tiba yenyewe: d inaanza na duara, b inaanza na fimbo. Mtoto anayeanza kila mara mahali sahihi hachanganyi. Ukiona daftari lina d safi kabisa usishangilie kabla ya kumwona akiiandika, kwani wengine wanaanza na fimbo kisha wanabandika duara, na hao ndio watakaochanganya mwezi ujao. Na usizifundishe siku zinazofuatana.

Kazi ya daftarini: mstari mmoja wa herufi, mmoja wa silabi, maneno mawili. Basi. Kurasa mbili za "a" zinazalisha herufi nzuri kumi za mwanzo na mbaya zote zilizobaki, na mtoto anafanya mazoezi ya kuandika vibaya.

#7 Tichakijijini

Mkuu chakinadasta, nakuheshimu ila hapo kwenye kusikiliza 18 kwa siku napinga kidogo. Huku kwetu hao 72 ukiwageuzia mgongo dakika mbili ni vurugu: penseli imevunjika, fulani kanipiga, mwalimu naomba kwenda chooni. Na madaftari 90 yanasahihishwa saa ngapi? Ukiwa na awamu mbili ndiyo kabisa, unamaliza hawa wanaingia wengine.

#8 kibaofumbo

Mwalimu Tichakijijini, swali lako ni la haki na majibu yapo, moja moja.

Penseli: weka kopo mezani lenye penseli 15 zilizochongwa. Aliyevunjikiwa anaweka yake, anachukua iliyochongwa, anarudi bila kusema neno. Kiranja mmoja anachonga zilizovunjika wakati wa mapumziko kwa kichongeo. Viwembe visiingie darasani. Penseli nzima zikigawanywa katikati zinatosha watoto mara mbili, na kipande kifupi kinashikika vizuri na vidole vidogo, ila kisipungue urefu wa kidole cha kati cha mtoto.

Choo: kibao kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana kinaning'inia mlangoni. Kikiwepo chukua uende, kisipokuwepo subiri.

Vurugu: wiki mbili za mwanzo wa mwaka usisikilize mtoto yeyote. Zitumie kufundisha namna ya kutumia bahasha: nani anafunua, nani anasoma, kadi zinarudi vipi. Anza na dakika tatu, kisha tano, mpaka 12. Walimu wengi wanaruka hapa, halafu wanasema mbinu haifai madarasa makubwa. Na kazi ya bahasha iwe nyepesi kidogo kuliko wanachoweza, kwa sababu mtoto akikutana na kadi asiyoijua atakuja kukuuliza.

Kusahihisha: sahihisha ukitembea, wakati wanaandika, kalamu nyekundu mkononi. Sekunde kumi kila daftari ni dakika 15 kwa 90, na hizo unazo ndani ya kipindi cha kuandika. Angalia kitu kimoja ulichokifundisha siku hiyo. Kama somo lilikuwa kuanzia d kwenye duara, tia alama hilo, usianze kupambana na mistari na usafi. Mtoto anayerekebishwa akiwa bado ameshika penseli anarekebika. Vema ya jioni anaiona kesho, ameshasahau aliandika nini.

Kwenye awamu mbili, bahasha ni zile zile zinatumika mara mbili, ila daftari la kumbukumbu liwe na kurasa tofauti.

Na kiboko kisitumike kwa kushindwa kusoma. Mtoto mwenye hofu anasoma kwa kunong'ona, na sauti ya kunong'ona haikuambii kosa liko wapi.

#9 kibaofumbo

Niendelee na kuhesabu, saa 3:00 hadi 3:30, maana ndiko ninakokupenda.

Vihesabio: vijiti vya chelewa vya sentimita 10. Ufagio mmoja unatoa mamia. Ncha nyembamba zitupe, zinavunjika. Miisho isugue kwenye saruji isichome. Vizibo vya soda vinafaa lakini meno yake yagongwe kwa nyundo yalale. Maharage na punje za mahindi kwa darasa la kwanza hapana, zinaingia puani na masikioni. Vijiti 20 kwa kila dawati ni 600 kwa darasa. Mmoja anapanga, mmoja anaandika, mmoja anakagua, kisha wanazunguka.

Kosa la kwanza: mtoto anahesabu mdomoni mpaka 50 lakini ukimpa vijiti 8 anasema 11. Mdomo unakimbia kuliko kidole. Asiguse tu, avute kila kijiti kutoka kushoto kwenda kulia, kimoja kwa neno moja. Akimaliza muulize "vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu.

Kosa la pili ni kubwa, na linatokana na jinsi tunavyotamka namba. Unasema "ishirini na tatu", mtoto anaandika 203. Amesikia ishirini, akaandika 20. Amesikia tatu, akaandika 3. Kumtia kosa na kumwandikia 23 hakumsaidii, kesho ataandika 407 kwa arobaini na saba. Tengeneza kadi za kufunika: kadi za makumi, 10 mpaka 90, urefu sentimita 12, kadi za mamoja, 1 mpaka 9, urefu sentimita 6, kimo sawa. Kila tarakimu ikae katikati ya sentimita zake 6. Mtoto anachukua 20, anachukua 3, analaza 3 juu ya sifuri. Inasomeka 23, na akiinua 3 anaiona sifuri bado iko chini yake. Hapo anaelewa kwamba ile 2 ni ishirini. Seti moja kwa kila kundi inatosha, na moja kubwa ya ubaoni.

Wakati huo huo vijiti vifungwe kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. 23 ni mafungu mawili na vijiti vitatu. Mafungu wayafunge wao wenyewe. Ukiwaletea yaliyofungwa tayari, kwao fungu ni kitu kimoja.

Kwa walio darasa la pili, 27 + 15: mafungu mawili na saba, fungu moja na tano. Saba na tano ni 12, funga kumi, baki mbili. Mafungu manne, vijiti viwili, 42. "Kubeba moja" wanaiona kwa macho: ni lile fungu jipya. Na kutoa, 32 − 17, yule anayeandika 25 ametoa ndogo kwenye kubwa kila upande, 7 toa 2, 3 toa 1. Mpe mafungu matatu na vijiti viwili, mwambie nipe 17. Atalazimika kufungua fungu. Wafungue kwa mikono kwa siku kadhaa kabla hujaandika mkopo ubaoni.

#10 MzaziKibaha

Nimejaribu lile la kufunika picha na maneno ya kuchezea. Ni kweli, "tiku" amesoma, "kemo" amekwama. Asanteni sana. Lingine, anatumia mkono wa kushoto na daftari lake linachafuka. Bibi yake anasema abadilishwe.

#11 mkufunzi_mstaafu

Mama, ushauri wa bibi muupokee kwa heshima, lakini mkono muuache. Ukimbadilisha unampa kazi mbili, ya herufi na ya mkono, na zote zinachelewa.

Anachohitaji ni nafasi. Dawatini akae mwisho wa upande wa kushoto, viwiko visigongane na jirani. Daftari lisogee kushoto mwa kifua, kona ya juu ya kushoto ikiinuka, yaani linalala kuelekea kulia, kinyume cha wenzake. Penseli aishike juu kidogo, sentimita tatu hivi kutoka nchani, ili aone anachoandika na kiganja kikae chini ya mstari. Kuchafuka kunatoka kwenye kukunja kifundo na kupitisha kiganja juu ya maandishi. Mweleze na mwalimu wake aandike mfano wa herufi upande wa kulia wa ukurasa pia, kwa sababu mfano wa kushoto mkono wake unaufunika.

#12 Tichakijijini

Nimeelewa, la wiki mbili za mwanzo ndilo nililoliruka. Swali la mwisho kwa wote: masika. Bati halina dari, mvua ikianza sauti haisikiki hata ukipiga kelele. Kipindi cha kusoma kinaishia hapo. Mnafanyaje?

#13 chakinadasta

Usishindane na bati, koo lako utalihitaji kesho. Vibadilishe vipindi hapo hapo: mvua ikianza, kuandika au vijiti, ikikatika, kusoma. Kwa hiyo wakati wa masika andalio la kusoma na la kuandika viwe tayari vyote asubuhi, zoezi limeshaandikwa upande wa kulia wa ubao kabla ya saa 2:00.

Kusikiliza kunawezekana hata mvua ikinyesha, kwani umeinama na sikio lako liko hatua moja toka mdomoni mwa mtoto. Imla ndiyo haiwezekani, na sauti mpya usiianzishe kamwe chini ya mvua: m na n, b na p, f na v zinasikika sawa na mtoto ataondoka na isiyo sahihi. Kama siku nzima imekuwa mvua, rudia za jana kwa bahasha, na sauti mpya uisogeze mbele siku moja. Kwenye shajara andika sababu.

Madawati yaliyo chini ya matundu yasogeze kwanza, kadi za karatasi haziponi maji.